Neno Lililokatwa Kichwa

Kosa langu lilianza kwa usafi. Mimi ni mtu wa kupanga vitu. Chaki zangu darasani nazipanga kwa urefu, na nikiona orodha yenye kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili, mkono unaniwasha.

Orodha yenyewe ilikuwa ya watu waliojenga kamusi yetu ya Kikonzo ya kwenye simu. Ni programu huria: haiuzwi, haina mwenyewe, na yeyote anaweza kuifungua tumboni, akarekebisha kitu na kukirudisha kwa faida ya wote. Ukigusa neno, sauti ya mwanamke inalitamka. Niliianzisha hapa Kasese, nikapata wenzangu Bugoye na Kabatoro, na kundi zuri la watu wa Bwera, kule mpakani. Mimi nilikuwa mlinzi wa mlango. Kila mchango ulipita kwangu kwanza.

Sasa, sisi Wakonzo tunawapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa pili jina lake linamsubiri kabla hajazaliwa. Ongeza jina la ubatizo linalopendwa na kila parokia, utapata wanawake kadhaa wenye majina yaleyale kwenye foleni moja ya benki. Hilo nalijua tangu utotoni. Darasani kwangu wapo wasichana watatu wa jina moja na sijawahi kuwachanganya. Lakini siku ile nilipoliona jina moja la namna hiyo mara mbili, lenye anwani mbili za barua pepe, nilisema moyoni: huyu ni mtu mmoja mwenye simu mbili. Nikayaunganisha. Anwani moja ikapoteza ruhusa ya kuingia, nami nikajisikia vizuri, kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Baada ya hapo watu wa Bwera walianza kupungua, mmoja mmoja, bila kuaga. Nikawalaumu wao. Nilisema wanajali biashara kuliko lugha yao, na nililisema hilo mbele ya watu. Mwishowe tukabaki wawili, na simu mpya zikaanza kuikataa programu yetu.

Nilipoamua kuifufua, mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mwenye jina lile, yule ambaye anwani yake niliiacha, muuguzi hapahapa Kasese. Tulikuwa tumempa fulana na cheti cha shukrani kwa kazi ya sauti. Nikamwomba arudi aturekodie maneno mengine.

"Sauti gani, mwalimu? Mimi nilisahihisha tahajia mara moja tu. Fulana nilidhani mnampa kila mtu."

Nilikuwa nimemfuta mtu ambaye sauti yake ndiyo kamusi nzima.

Nikaenda kutafuta ujumbe wa zamani. Anwani niliyoifungia, ya mwanamke wa Bwera, ilikuwa imeniletea taarifa mbili, na zote mbili nilizifunga kwa neno moja, "Marudio", neno tunaloliweka kwenye taarifa iliyokwisha kuletwa na mtu mwingine. Sikuwa nimezisoma. Hata sasa nilisoma mstari wa kwanza tu, "Siwezi kuingia tena," nikashindwa kuendelea kwa aibu. Jumamosi nikapanda gari la Bwera. Kuanzia Kikorongo mpaka nateremka, nilikuwa nikiyapanga maneno ya kuombea msamaha, kwa urefu, kama chaki.

Mwenye sauti ana duka dogo la kupiga chapa na fotokopi. Nilimsalimu kwa Kikonzo na kumwambia mimi ni nani. Alinitazama, kisha akanijibu kwa Kiswahili anachozungumza na wateja wanaovuka kutoka Kongo.

"Karibu. Ni kupiga chapa ao ni fotokopi?"

Nikaelewa nimewekwa wapi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya jina lake.

"Batu ba hapa baliniuliza, unalia nini, jina si iko?" alisema. "Nikasema ndiyo, jina iko. Mimi ndio siko. Lakini hiyo niliachaka. Ile nilikuandikia, ulisoma?"

"Mstari wa kwanza," nikasema.

Alichukua simu yake kwenye meza, akagusa neno obundu, ugali wetu wa muhogo. Sauti yake ikatoka kwenye simu: "Ndu." Mteja aliyekuwa akisubiri karatasi zake akacheka.

"Siku ya kurekodi nilichelewa kubonyeza. Neno ikakatwa kichwa. Nilitaka kurudilia, nikakuta mulango imefungwa. Nikakuandikia mara mbili. Batoto banafundishwa ndu, na sauti ni yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Obundu ninaila karibu kila siku. Miaka yote hiyo sikuwahi kuligusa neno hilo hata mara moja nisikie linasema nini. Nilishughulika na orodha.

Nilimrudishia ruhusa palepale, kwenye kompyuta yake. Siku hizi orodha inakataa majina mawili yanayofanana, na kwa mazoea yangu mabaya nikaandika 2 mwishoni mwa jina lake.

"Mbili ni nani?" akauliza. "Mimi ndio nilianza."

Nikafuta, nikaandika Bwera. Alimwomba mteja anyamaze, akasogeza simu mdomoni, akarekodi obundu, nzima, na kichwa chake. Tukaisikiliza mara mbili. Hapo nikapata ujasiri wa kumuuliza kama atarudi, yeye na wenzake wa Bwera.

"Ulikuja juu yangu, ao juu kazi yako inakufa?"

Ningeweza kudanganya. "Kazi," nikasema.

"Sawa. Hii moja nimetengeneza. Zingine sijui."

Kisha akachukua karatasi za mteja na kuziingiza kwenye mashine. Nikamuaga kwa Kikonzo, kwa ile namna tunayowaaga watu wa nyumbani. Aliniitikia bila kuinua macho. Aliniitikia kwa Kiswahili.