Marahaba ya Mkuu wa Swichibodi

Waliosoma kunishinda wamenicheka kwa kisa hiki. Wacheke. Wao hawakuwepo, mimi nilikuwepo, na masikio haya ndiyo yaliyosikia.

Miaka ile ya Ujamaa nilizurura Usambara yote, nikishika kazi na kuiacha. Miezi michache nilikaa kwenye swichibodi ya shamba moja la chai upande wa Mponde, nikiunganisha simu za vijiji. Kuzima mtambo kulikuwa na utaratibu wake: unaingia kila laini, unasema, "Aganeni, nafunga." Wakishaagana unachomoa waya. Asiyemaliza unamngoja. Hata mpumbavu angeweza.

Mkuu wangu hakuweza. Kijana wa miaka thelathini, kalamu tatu mfukoni, na sikuwahi kumwona akiandika. Alasiri moja, ukungu umefunika madirisha, alitaka tuzime upesi awahi mapokezi ya kiongozi Lushoto. Laini tatu ziliagana. Ya nne, ya Mgwashi, ikajibu sauti ya bibi:

"Bado, mwanangu. Mkwe wangu ana uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Zahanati wamekwenda kumwita nesi, namngoja."

Nikamweleza mkuu.

"Washamba hawa! Salamu nusu saa, ugonjwa dakika moja. Pisha!"

Akachomoa waya, akakata na betri. Nami? Nilikaa kama gunia.

Sasa nisikilize. Waya zote zimelala mezani, betri imekatwa, na bado sauti ikatoka, ya bibi yule yule: "Shikamoo, bwana mkubwa."

Umewahi kusikia bibi akimwamkia kijana? Nywele zilinisimama. Yule mjinga akacheka. "Marahaba, bibi! Marahaba!"

Kesho yake nilipanda Mgwashi kwa miguu, nikakuta watu wanatoka makaburini. Mke wa mtu amefia uzazini, na mtoto tumboni. Nesi alikimbilia simu, akakuta kimya. Nikamuuliza mwenye duka lenye simu ni bibi gani aliyepiga.

"Jana sikufungua duka," akasema. "Na mama mkwe wa marehemu tulimzika mwaka juzi."

Mkuu? Wiki haikuisha, nywele nyeupe, mgongo umepinda, meno yanadondoka. Shikamoo ya mkubwa aliipokea, na uzee wake akaupokea. Tangu hapo hata wazee waliomzidi miaka ishirini walimpisha kiti. Simwonei huruma hata chembe.

Basi wewe unayefunga kitu ambacho wenzako bado wanakitumia, waulize, na ungoje jibu. Na kama wewe ndiye uliyekaa karibu ya anayefunga, mshike mkono. Mimi sikumshika.