Tukutuku ya Mupe na Tukutuku ya Bwana Pamba

Juzi nilipita Wamaza nikienda kumzika shangazi, na mahali fulani njiani nikasimama bila kujua kwa nini. Nyumba yetu haipo tena, msitu umeichukua. Lakini miguu ilikumbuka, ndugu yangu. Hapo ndipo tulipokuwa tunasikiliza barabara.

Enzi za Wabelgiji, njia ya Kasongo ilituletea pikipiki mbili tu. Sisi tuliziita tukutuku. Moja ilikuwa ya padri, tuliyemwita Mupe. Ya pili ilikuwa ya Bwana Pamba, mzungu aliyekagua kama kila mwanamume amelima pamba ya serikali. Zilifanana kabisa: silinda mbili zilizotanuka kama magoti ya mtu aliyechuchumaa, zinapozwa na upepo tu, bila maji, hivyo kila chuma kilichogongana ndani kilisikika nje. Supape za Mupe, vile vifuniko vidogo vinavyofunguka na kujifunga ndani ya injini, zilikuwa zimelegea. Alikuja akigonga ka-ka-ka kama cherehani. Bwana Pamba alinguruma tu, mlio mzito na laini.

Bibi alisikia tofauti hiyo kabla yetu sote. Aliacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, akauinua mchi na kutulia. Akisema "Mupe," tulikimbilia njiani. Akisema "Pamba," baba aliingia msituni, kwa kuwa kwenye shamba la pamba alikuwa amepanda mpunga wa kutulisha.

Msimu ule mama alikuwa amejifungua, na Mupe aliahidi kuja kumbatiza mtoto. Asubuhi moja bibi akainua mchi. Ka-ka-ka.

"Ni Mupe anakuya," akasema.

Baba akanawa, akavaa shati jeupe, akambeba mtoto na kusimama njiani. Jikoni mawese yalikuwa yanachemka. Tukaanza kuimba.

Aliyeshuka alikuwa Bwana Pamba, na askari nyuma yake. Nakumbuka tuliendelea kuimba kidogo, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuukatia wimbo.

"Mupatie mama yake mutoto," askari akamwambia baba.

Baba akampa. Akapelekwa gerezani Kasongo kwa miguu, na shati lake jeupe, tukutuku ikimfuata taratibu nyuma.

Akiwa bado gerezani, ulikuja mlio mzito na laini. Kijiji kizima kikakimbia. Bibi alibaki kwa sababu ya magoti yake, nami nilijificha nyuma ya kikwembe alichojifunga. Akashuka Mupe.

"Watu iko wapi?" akauliza.

"Wamekukimbia wewe. Tukutuku yako imenyamaza, Mupe. Nani alikuya na sauti yake?"

"Fundi wa Kasongo alikaza supape, mama."

"Na siku ile? Ulimwazima Bwana Pamba?"

Mupe aliitazama mashine yake. Akasema barabara mbaya hulegeza supape za injini yoyote, na hizi zote ni mashine moja. Mama aliporudi kutoka msituni, akambatiza mdogo wangu pasipo baba.

Baba alirudi mvua zilipokwisha, mgongo wake haunyooki tena. Yeye alisema padri alimwazima Bwana Pamba tukutuku yake. Mama alisema supape za Bwana Pamba zililegea zenyewe. Bibi hakuinua mchi tena; alitwanga tu. Mimi, kila mlio ulipokuja, nilikimbia kidogo kuelekea njiani, kisha kuelekea msituni, nikabaki katikati ya uwanja nikilia.

Pamba imekwisha. Wazungu wale wameondoka. Bibi, baba na mama wamelala udongoni, na hayupo tena wa kunieleza nani alikuwa juu ya chuma kipi. Mdogo wangu ni mtu mzima mwenye wajukuu. Siku ya mazishi ya shangazi aliniuliza kwa nini baba, maisha yake yote, hakuwahi kumwita kwa jina la ubatizo. Nikaanza kumsimulia habari za tukutuku mbili.