Mtoto wa Shangazi na Baiskeli ya Baba

Juzijuzi nilikwenda Mkange kuangalia kiwanja cha marehemu bibi. Kijana wa bodaboda aliyenibeba alikuwa amefunga kitambaa cheusi chini ya taa ya pikipiki yake. Nikamuuliza ni cha nini. Akacheka. "Kuna watu wana nuksi, mama. Akikutazama tu, pancha." Nilijifunika uso kwa mtandio, nikasingizia vumbi.

Nyumbani kwetu tuliwahi kuishi na mtu aliyesemwa hivyo. Alikuwa na miaka tisa.

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi alipofariki, mtoto akaletwa kwetu na kifurushi cha nguo kisichojaa kikapu. Alinizidi mwaka mmoja, basi nikaambiwa nimwite dada. Tulilala kitanda kimoja, na usiku miguu yake ilikuwa ya baridi hata wakati wa joto.

Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Kila asubuhi alitoka na baiskeli yake nyeusi kwenda Saadani kununua ng'onda, samaki waliopasuliwa na kukaushwa, akirudi jioni na tenga limefungwa kwenye keria. Shule yetu ilikuwa kwenye njia hiyo, kwa hiyo alitubeba sote wawili. Mimi nilikaa mbele, kwenye bomba kati ya kiti na usukani, dada akakaa nyuma kwenye keria iliyonuka samaki. Tulifika darasani tukinuka vilevile, na hatukujali.

Wiki ya kwanza mnyororo ulikatika. Wiki iliyofuata tairi la nyuma lilipasuka kwa kishindo, kuku wa watu wakatawanyika. Kisha zikaanza kukatika njiti za gurudumu. Siku moja, baada ya kutushusha shuleni, baiskeli ilimharibikia baba wakati wa kurudi kutoka Saadani, katikati ya pori ambapo tembo huvuka. Aliingia nyumbani usiku akiikokota, midomo imemkauka, na mzigo wote ulikuwa umelowa mvua na kuharibika.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa ukumbini na tasbihi yake. "Huyu mtoto ana kisirani," alisema, wala hakupunguza sauti. "Kaja na msiba, na msiba haujamtoka."

"Mama, hiyo ni baiskeli tu," baba alisema.

"Kabla hajaja si ilikuwa nzima?"

Dada alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilisikia mkuno ukisimama, kisha ukaendelea polepole.

Usinielewe vibaya. Bibi hakuwa mtu katili. Ni yeye aliyetuchana nywele na kutugawia ukoko wa wali. Lakini alikuwa amemzika binti yake, na kila alipomtazama yule mtoto uso wake ulibadilika. Aliifukiza baiskeli ubani, akafunga kitambaa cheusi kwenye usukani, kisha akapitisha uamuzi kwamba dada atakwenda shule kwa miguu.

Mama yangu alikuwa mkwe tu katika nyumba ile. Alimwamsha dada alfajiri na kumtia andazi mkononi, basi. Mimi nilihamia nyuma kwenye keria. Tulimpita njiani jua likichomoza. Bibi alikuwa amemwelekeza kwamba akisikia kengele ya baiskeli aingie majanini na kugeuza uso, macho yake yasituangukie. Naye alifanya hivyohivyo. Nilimwona mgongo, na begi la kitambaa, na visigino vyeupe kwa vumbi. Nami nilikuwa nimekaa kwa nafasi, na nafasi ile niliipenda.

Baiskeli ikatulia. "Mmeona?" alisema bibi.

Masika yalipoingia, asubuhi moja tulikuwa tumeshampita dada tulipoanguka. Keria ilikatika upande mmoja, ikaingia kwenye njiti, tukalala topeni baba na mimi. Baba alikuwa bado amechuchumaa akiitazama keria dada alipotufikia. Alisimama mbali, amejifunika uso kwa mikono miwili, analia.

"Mjomba, sikutazama. Wallahi sikutazama."

Baba alimwendea, akamshika kichwa kwa mikono iliyojaa grisi. "Najua, mwanangu," alisema. "Najua."

Jioni bibi aliuliza swali moja tu: "Mlikuwa mmeshampita?" Baba alitazama sahani yake. Mimi nilimtazama baba. Dada hakuinua kichwa. Hakuna aliyejibu, na bibi akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo, kwamba dada alitutazama kwa nyuma. Haukupita muda mrefu, dada akapelekwa Chalinze kwa ndugu wa baba yake. Kitanda kikawa changu peke yangu.

Miaka ikapita, bibi akafariki, baba akazeeka. Siku moja akaniambia nimpeleke Chalinze. Dada ana kibanda cha chakula huko, anawapikia madereva wa malori. Alipotuona alimwamkia baba shikamoo kwa adabu zote, akamwekea kiti kivulini, akaleta wali na maharage. Baba hakugusa chakula.

"Keria ilikuwa na ufa," alisema. "Niliuona wiki ileile uliyokuja. Baiskeli ilikuwa haiwezi watoto wawili. Sikuwa na uwezo wa kununua nyingine, na sikuweza kusema nani atembee. Mama alipokutaja wewe, nilinyamaza."

Dada aligeuza chapati kwenye kikaango, akaigeuza tena. "Yamepita hayo, mjomba. Kula, kinapoa." Kisha akaja kuketi mbele yake, akifuta mikono kwa kanga. "Nina neno moja tu. Mama yangu alikuwaje? Sura yake inanipotea, na pale nyumbani hakuna aliyemtaja mbele yangu."

Baba alifikiri. Alisema shangazi alikuwa mrefu. Alisema alicheka kwa sauti mpaka akakatazwa. Dada alisubiri, na malori yakapita. "Mama ndiye angekwambia zaidi," alisema mwishowe. Na bibi tulikuwa tumeshamzika.

Sasa baba na mama nao hawapo, na kiwanja nilichokwenda kukiangalia kimeota majani hadi pale palipokuwa uani. Aliyebaki wa kuulizwa ni mimi. Dada hunipigia simu jioni, akishafunga kibanda, na baada ya kuulizana hali husema, "Hujakumbuka kitu kingine?" Shangazi aliishi mbali, nami nilimwona mara moja tu, nikiwa mdogo sana. Ninachokumbuka ni mkono wa shangazi unanimenyea chungwa, ganda likishuka refu bila kukatika. Nimemsimulia mara nyingi. Kila nikimaliza huniomba nianze tena, nami huanza.