Fundi Zahoro Ajiondoa Kundini

Jino lilivunjika Zahoro akila wali. Hakuuma mfupa wala jiwe. Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, mchana wa Jumanne, nyumbani kwake Ukunda. Alisikia kitu kikikatika mdomoni, akakitema kiganjani, akakitazama. Nusu ya gego.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Eddah, mtu wa bara aliyekaa pwani hata lafudhi ya kwao ikamhama. Alimmulika mdomoni kwa muda mrefu, kisha akambonyeza taya, chini kidogo ya masikio. Zahoro akaruka kwa maumivu.

"Jino hili halikuoza, baba," alisema. "Umelivunja mwenyewe. Unasaga meno usingizini, na pengine hata mchana bila kujijua. Unafanya kazi gani?"

Zahoro alikuwa fundi mkuu, na fundi pekee, wa nyumba kumi na nne za wageni huko Diani, zote za mwajiri mmoja. Viyoyozi, pampu, mabomba, nyaya, kila chenye kuharibika kilikuwa chake, mwaka wa tisa sasa. Alijua kila bomba lilikopita chini ya ardhi, na watu walizoea kusema, "Muulizeni Zahoro." Naye alipenda kuwasikia wakisema hivyo. Baadaye alikuja kukiri kwamba nusu ya kamba iliyomfunga aliisokota mwenyewe.

Nusu ya pili ilikuwa simu. Meneja mpya, Griffin, alipofika mwaka uliotangulia, alifungua kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote na kutoa amri kwamba kila ujumbe ujibiwe ndani ya dakika tano, mtu awe zamuni au awe kwake. Maji ya moto yamepoa, ujumbe. Chura kwenye bwawa la kuogelea, ujumbe. Mgeni hajui kuwasha feni, ujumbe, na chini yake jina la Zahoro.

Daktari alimwuliza maswali yasiyohusu meno. Anakosa usingizi? Anaamka amechoka? Anasahau mambo? Anagombana na watu wa nyumbani? Zahoro alijibu hapana kwa yote. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo tena, chombo kimo ndani, simu ilipolia mfukoni, na mkono wake ukaenda wenyewe kuitafuta. Daktari akamshika kifundo.

"Huo ndio ugonjwa wenyewe," alisema. "Msongo wa mawazo. Jino nitaliziba, lakini ukiendelea hivi utavunja lingine."

Alirudi nyumbani amekasirika. Kwake yeye, kumwambia mtu mzima ana msongo wa mawazo kulikuwa sawa na kumwambia kazi imemshinda. Mkewe, Mwanamkuu, alimsikiliza huku akikuna nazi.

"Baba Hafswa, mimi nilikwambia tangu Ramadhani," alisema alipomaliza. "Unasaga kama mtu anayetafuna kokoto. Na Ijumaa ile ulirudi msikitini ukaniambia simu imekulilia sala nzima. Simu uliiacha hapa, juu ya friji."

Zahoro akaigeuza simu kifudifudi mezani.

Siku mbili baadaye aliitwa kutengeneza kiyoyozi cha nyumba ya tisa. Alipanda ngazi, akafungua kifuniko, akaingiza bisibisi. Umeme ukampiga hadi kwapani na kumtupa chini. Alianguka chali kwenye kitalu cha maua. Tsofa, mtunza bustani, alikuja mbio akamkalisha na kumfuta udongo usoni.

"Nimesahau kuzima swichi," Zahoro alisema.

"Wewe?" Tsofa aliuliza, na uso wake ulionyesha kwamba hakuamini.

Zahoro ndiye aliyebandika karatasi ya ZIMA KWANZA juu ya kila swichi kuu ya nyumba zile. Alijaribu kukumbuka. Alipokuwa chini ya ngazi ujumbe uliingia, akaujibu, kisha akapanda akiamini amekwisha kuzima. Aliketi palepale kwenye maua yaliyopondeka, hasira ikimpanda. Maswali ya daktari yalimrudia moja moja, na safari hii aliyajibu kweli.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini. Joan, msichana wa mapokezi, alikuwapo.

"Bwana meneja, nina maombi mawili," Zahoro alisema. "Fundi wa pili, na saa zangu za kupumzika ziwe zangu."

Griffin alitabasamu, wala si kwa ubaya. "Fundi, kila mtu hapa ana presha. Hata mimi. Nitatafuta mtu aje atufundishe kupumua, inasaidia sana."

"Kupumua najua. Nilianza kabla hujazaliwa."

Joan akainamia kompyuta yake.

"Sasa sikiliza," Griffin alisema, tabasamu limekwisha. "Ukikataa kujibu kundi, umekataa kazi."

"Kazi siikatai. Saa mbili asubuhi utanikuta kazini, saa kumi na moja nitakwenda kwangu. Kundini natoka."

Alitoa simu, akajiondoa palepale mbele yake. Dakika chache baadaye jikoni, bustanini na getini kila mtu alijua kwamba Zahoro ameondoka.

Alipewa siku tatu aandike barua ya kujieleza. Japheth, mlinzi wa getini, alimfuata pembeni. "Mzee, andika tu sori yaishe. Una watoto."

Zahoro alilijua hilo, na aliogopa. Alikaa siku mbili na karatasi tupu. Mwanamkuu ndiye aliyemwondolea uzito. "Ukiomba radhi," alimwambia, "utakuwa umeomba radhi kwa kupigwa na umeme."

Akaandika kwa mkono wake: "Kwa heshima, naeleza. Nilipigwa na umeme kwa sababu akili yangu imechoka. Nimeutambua uchovu huo kwa dalili hizi: nasaga meno usingizini hadi jino likavunjika, nasikia simu isiyolia, nawafokea wanangu bila kosa, na nimesahau kazi ninayoijua kuliko jina langu. Nilipoajiriwa sikuwa na hata moja. Siombi radhi. Naomba fundi wa pili, kwa kuwa ajali ijayo huenda ikampata mgeni."

Nakala moja alimpa meneja, ya pili akaipeleka kwa afisa wa kazi wa serikali, ya tatu akaibandika kwenye chumba wanachokula wafanyakazi. Kufikia Jumatatu chini ya maneno yake palikuwa na mwandiko wa watu wengine. Tsofa alikuwa ameandika, "Mgongo, na silali." Mtu wa jikoni: "Moyo unakwenda mbio simu ikilia." Na kwa kalamu ya kijani, "Nalia chooni kila Jumamosi. Joan."

Griffin aliing'oa. Lakini Joan alikuwa ameipiga picha, akaituma kundini, jina lake likionekana. Ujumbe ule meneja hakuujibu kwa dakika tano, wala kwa siku mbili.

Mwenye nyumba zile, mwajiri wao aliyeishi ng'ambo, naye alikuwa akisoma kundi hilo. Akataka kujua ni fundi gani aliyepigwa na umeme, na kwa nini hakuambiwa. Wiki ya tatu akaajiriwa Mwinga, mtu wa Samburu ya Kwale aliyezoea kutengeneza pampu kwenye gereji za barabara kuu, na zamu zikapangwa. Amri ya dakika tano ikabaki kwa walio kazini tu.

Hakupata yote. Cheo cha fundi mkuu alinyang'anywa bila maelezo, na taya ilimchukua miezi kupoa. Daktari alimpa kinga ya plastiki ya kuvaa kwenye meno akilala, wanawe wakacheka mpaka wakachoka. Lililomuuma zaidi ni siku aliposikia mtu akisema, "Muulizeni Mwinga." Miguu ilitaka kwenda. Akajizuia, akamalizia chai yake.

Mwezi uliopita Griffin alimfuata kwenye chumba cha pampu. Alisema mambo yametulia, wanaweza kuitoa ile barua kwenye faili lake na kuanza upya, naye arudi kundini.

"Ahsante, bwana meneja, lakini kundini sirudi," Zahoro alimjibu, akifunga valvu. "Zamu yangu ikifika, utanipigia nami nitakuja. Na barua iache humo humo. Niliiandika nikiwa na akili zangu timamu."