Aliyenivunja Mguu Hakunigusa

Kosa ni langu, wala sitafuti mtu wa kulibeba pamoja nami. Nimefundisha miaka mingi, nikimkata alama kila mwanafunzi aliyeandika "watu wanasema". Kumbe mimi mwenyewe niliishi kwa heshima iliyotokana na jambo ambalo watu walisema, na halikuwa kweli.

Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa vijana wa wakimbizi kutoka Rwanda kule Bukavu. Yeye alikuwa beki mkali; washambuliaji waliukwepa upande wake. Mimi nilikuwa mshambuliaji, nikisomea ualimu. Siku moja alininyang'anya mpira mara mbili, safi kabisa, na mashabiki wakanicheka, wakaniambia nirudi nikafute ubao. Mara ya tatu sikuufuata mpira. Nilikusudia goti lake! Akaruka, akaanguka kando, na mguu wangu ukagonga nguzo ya goli, ukavunjika.

Watazamaji waliona watu wawili wakianguka na mmoja akiinuka. Kesho yake mtaa mzima "ulijua" kwamba amenivunja. Wakampa jina: Shoka.

Alikuja kuniona hospitalini.

"Mwalimu, weye unayua," aliniambia. "Utaambia batu?"

Nikamwahidi kwamba nitasema. Sikusema. Kuangushwa na Shoka kulikuwa sifa. Kupiga nguzo kulikuwa kichekesho.

Ningeishia hapo, dhambi ingekuwa ndogo. Lakini baada ya sote kurudi Rwanda, shule niliyofundisha kule Gihundwe ilitafuta mtu wa kufundisha watoto mpira, naye akaomba. Katika mkutano wa wazazi, mama mmoja akauliza kama tunataka watoto wetu wavunjwe miguu, akaonyesha huu wangu uliopinda. Wote wakanitazama. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikatazama sakafu.

Alinyimwa kazi. Akashuka Bugarama kubeba magunia ya saruji, na huko malaria ikamuua, vita vya Kongo vikiwa bado vinaendelea ng'ambo ya mto.

Siku ya kumaliza matanga, mashabiki wake wa zamani waliujaza ua. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake, na katika hadithi hizo mfupa wangu ulivunjika vipande viwili, kisha vitatu, kisha vinne. Walikuwa wameleta msalaba uliochongwa neno SHOKA peke yake. Binti wa marehemu akaniinamia.

"Papa hakupendaka ile jina," akasema. "Alikuvunja, ao hapana?"

"Hapana."

Nikasimama, nikalisema mbele ya wote: goti, nguzo, mkutano, kila kitu.

"Mzee, ikala chini," mmoja akanikatiza. "Ule muntu ni wetu, usituharibie."

Mwingine akasema uzee umenipotosha. Wa tatu akaapa kwamba aliusikia mfupa ukilia kwa masikio yake. Nikamuuliza alisimama wapi siku hiyo. Ilibainika kwamba alikuwa hajazaliwa.

Binti akaukataa msalaba ule. Waliuchukua wakaondoka, bila hata kuaga. Uliopo kaburini leo una jina la ubatizo la baba yake, basi.

Tangu hapo wengine hawanisalimu hapa mjini Kamembe. Wasinisalimu! Siwaombi msamaha, maana wao wamepoteza hadithi tu. Yeye alipoteza kazi aliyoistahili. Ninayemwomba ni binti, naye hajanipa. "Mudomo ulikuwa nayo siku ya ule mukutano," aliniambia. Ni haki yake.

Wewe unayesoma, ikiwa kuna jambo uliloliona kwa macho yako na wengine wanalisimulia vingine, liseme mwenye jina akiwa hai, hata wakikucheka. Usifanye kama mimi. Siku niliyotimiza ahadi yangu, ua mzima ulinisikia, isipokuwa yule niliyemwahidi.