Ndoo ya Bwana Sabuni

Wewe, mara ya mwisho ulinawa kwa sabuni lini? Usione haya. Muuguzi wa zahanati alimuuliza hivyo kila aliyempa mkono, hata mama mkwe wake, mpaka jina la Bwana Sabuni likamganda.

Mvi zilikwisha kumchungulia kidevuni aliporudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Mchana alichanja watoto. Jioni alisoma kwenye meza ya mkewe, fundi cherehani, vitabu vikigombea nafasi na vitambaa. Kazi yake ya vitendo ilikuwa kuwafanya akina mama wanawe mikono kliniki. Akaweka ndoo yenye koki, na sabuni, mwisho wa baraza. Haikuguswa. Na kesho msimamizi wake wa chuo angekuja kukagua. Kazi ikikataliwa, anarudia mwaka.

Jioni ya kuamkia ukaguzi akamsomea mkewe alichoandika: “Akina mama hawana mwamko.”

Cherehani ikanyamaza. “Baba Mapacha, na mimi nimo?”

“Wewe umeingiaje hapo?”

“Juzi niliwapeleka wanao chanjo. Sikunawa.”

“Mke wangu mimi? Umenivua nguo.”

“Nitakushonea nyingine. Mmoja mgongoni, mwingine mapajani, foleni mpaka getini. Ningenyanyuka, nafasi yangu angenishikia nani? Wewe unaingilia mlango wa nyuma, utajulia wapi?”

Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Ni rahisi kuwaita watu wajinga kuliko kuhamisha ndoo, na wako waliopandia vyeo kwa urahisi huo. Yeye, Mungu ampe maisha marefu, alichukua chaki ya mkewe akaikata ile sentensi kwa mstari mnene.

Asubuhi aliiburuta ndoo hadi benchi linapoishia, mlangoni pa chumba cha chanjo, ili foleni yenyewe impitishe mtu kwenye maji. Akina mama wakawa wananawa mmoja mmoja, wakisogea. Msimamizi akafika mbiombio, faili kwapani, akataka kupenya.

“Mwanangu, usituruke,” akasema bibi mmoja aliyempakata mjukuu. “Hapa zamu inapitia majini.”

Bwana Sabuni akachungulia kutoka mlangoni. Msimamizi akamtazama bibi, akaitazama ndoo, akaweka faili chini na kukunja mikono ya blauzi.

“Na katikati ya vidole,” bibi akasema, akimsogezea sabuni.