Sweta ya Mtoto Imebaki Mkono Mmoja

Mwenye ukurasa, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, tunaishi mtaa wa Woodley, Nairobi, na nafanya kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini. Nina msichana wa miaka saba, hapa nitamwita Shiru. Nina pia mimba ya miezi saba. Naandika haya saa ya chakula cha mchana kwenye kompyuta ya kulipia, katika saiba moja karibu na River Road.

Kitu ninachokipenda baada ya familia yangu ni kufuma. Jirani mmoja alinifunza nilipokuwa likizo ya kumnyonyesha Shiru, nami sikuacha tena. Nikitoka kazini, nikishainjika githeri ya mahindi na maharagwe, naketi na sindano zangu mbili huku Shiru akisoma kitabu chake kwa sauti na mume wangu akiangalia habari. Siuzi. Nafuma tu, kwa sababu ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayenituma kitu. Shiru ana sweta nyingi kuliko siku za wiki. Mume wangu hunitania kwamba nikiachiwa nafasi nitaifumia hata televisheni kofia.

Sasa nije kwenye shida yangu. Kwa watu wa kwetu, nguo ya mtoto haiingii nyumbani kabla mtoto mwenyewe hajaja. Shiru alipozaliwa alivalishwa nguo za binamu zake, zikaletwa hospitalini siku ya pili. Lakini miaka mitatu iliyopita, nilipopata mimba nyingine, nilikuwa tayari najua kufuma, na ningewezaje kukaa miezi tisa na uzi mkononi nisimfumie wangu? Nikafuma shali nyeupe. Mimba ikatoka ikiwa na miezi mitano. Mwaka uliofuata nikapata tena, nikafuma kofia na soksi, nikazificha na ile shali kwenye begi chini ya kitanda. Hiyo nayo ikatoka ikiwa na miezi sita. Daktari alinieleza sababu zake na nikazielewa vizuri. Mama mkwe, alipokuja kunihudumia, alilikuta lile begi akifagia. Alirudi nalo kwake.

Kwa mimba hii niliapa. Sindano nilizifunga kwa gazeti nikaziweka juu ya kabati. Nilikaa hivyo miezi mitano, jioni nimekunja mikono, na hofu ndiyo ikawa kazi yangu. Kila nikienda chooni naangalia kama kuna damu. Kila nikiamka nashika tumbo kabla sijafungua macho. Mwezi uliopita Shiru akaniomba nimfumie mwanasesere wake sweta. Nikajiambia mwanasesere si mtoto, nikazishusha sindano na kununua uzi wa manjano.

Ndugu zangu, sijui nilihesabu vipi. Mimi hufuma kwa mazoea, mishono naihesabu kwa midomo huku naongea na watu. Nilipomaliza mgongo wa sweta nikauweka juu ya mwanasesere, ukamfunika mpaka miguu. Nilijua mara moja hiyo ni saizi ya nani. Ningeacha hapo. Badala yake nikafuma kifua, halafu mkono wa kwanza, na usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeuona kwa miezi.

Jumamosi iliyopita mama mkwe akaja kututembelea na maparachichi ya shambani. Hata kabla hajamaliza chai, Shiru akamwambia nyanya yake, "Shosh, Mum anafumia baby sweta."

Mama mkwe aliweka kikombe chini, akaomba kuiona. Nikaileta. Aliipima kwa kiganja chake, nikadhani atanigombeza. Aliongea polepole tu.

"Mama Shiru, wajukuu wawili nimewalilia bila kuwashika. Hii kitu uifumue."

Nikamwahidi. Alipoondoka nilimuuliza mume wangu, ambaye mbele ya marafiki zake hucheka sana mambo ya mila. Safari hii hakucheka. Alisema, "Fuma ukitaka, mimi siamini hizo story. Lakini usinionyeshe." Hapo ndipo niliogopa kabisa, kwa sababu nilikuwa nategemea yeye asiogope.

Kliniki nao wamenipa karatasi ya vitu vya kubeba siku ya kujifungua, na sweta ni ya pili kwenye orodha. Nesi aliniuliza kama nimeanza kununua. Nilimdanganya.

Jana jioni nilijaribu kufumua. Nilichomoa sindano, nikashika ncha ya uzi, nikavuta. Safu ya kwanza ilipoachia, mtoto aligeuka tumboni kwa nguvu hadi nikashika meza. Kisha akatulia, na alitulia muda mrefu kuliko kawaida yake, nami nimeshika uzi sijui nivute au nirudishe. Nilirudisha, mshono mmoja mmoja. Alipocheza tena nilikuwa nalia, na Shiru ananiuliza kama nimejidunga.

Leo asubuhi nimepita kliniki kabla ya kazi. Nesi amesikiliza moyo wa mtoto, akasema uko sawa. Nilimwamini mpaka nilipofika getini.

Umebaki mkono mmoja. Nikiumaliza, naogopa nitakuwa nimeita kile kilichokuja mara mbili. Nikiifumua, nahisi ni mtoto ninayemfumua. Na kuiacha vile ilivyo, na sindano imening'inia, pia siwezi kuiangalia. Wamama mliopitia haya, na nyinyi mnaofuma, niambieni nishike lipi, maana siku zinakimbia. Ila tafadhali msinijibu kwamba huo ni ushirikina tu. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama mkwe aliponikataza ile shali.